Magoti ya Kizuka

Wiki iliyopita wifi yangu Rukia alinirushia sauti kwenye simu. Mumewe kafa kwa sukari, yuko ndani ya eda nyumbani kwake Kiembe Samaki, na magoti yamemkataa. Akisujudu hainuki mpaka ashikwe kwapa. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayezungumza na mlango uliofungwa: "Wifi, njoo unifundishe yale mambo yako." Yale mambo yangu. Miaka sita nyuma mambo hayohayo aliyaita shetani mbele ya chumba kizima cha watu. Nilikwenda. Waliosikia wamenisifu kwamba nina roho nzuri. Sina. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumuona amekaa chini pale nilipokaa mimi, na nilipomuona sikupata raha yoyote niliyoitarajia, nikazidi kukasirika. Alikuwa juu ya godoro sakafuni, kanga nyeupe, chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua. Nikamsimamisha, nikamwekea mikono ukutani, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, kisigino chini, nikamwambia asukume. Akasukuma, akaanza kulia. Akaniuliza mimi niliwezaje peke yangu. Nikamwambia, "Hukuniachia mtu wa kunisaidia, wifi. Haya, mguu wa pili." Siku hizi nawanyoosha viungo wanawake wa kikundi chetu pale Maisara kabla hawajaanza kukimbia, wazima na wagonjwa, wanene na wembamba, na sijapata kumfundisha mtu huku meno yangu yameumana vile.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na mtoto, Munir, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, na mume, Seif, aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Matemwe na kurudi kwa vespa kila akipewa mapumziko. Tulikaa kwa mama yake, Kikwajuni, ghorofa ya tatu, ngazi za saruji zisizo na taa wala pa kushika. Nilikuwa nimeanza kukimbia kwa sababu ya tumbo lililobaki baada ya kujifungua, sina sababu nyingine tukufu ya kusema. Kikundi kilikusanyika baada ya sala ya alfajiri, wanaume mbele, wanawake nyuma na mitandio yetu, nyimbo na makofi, lami moja kwa moja. Mtu anatoka kitandani, anavaa raba, anakimbia. Kunyoosha viungo kwetu ilikuwa kuzungusha kiuno mara mbili watu wacheke. Haukupita muda goti la kulia likaanza kuchoma chini ya pia, kama punje ya mchanga imeingia na kukaa, halafu la kushoto likafuata. Kupanda ngazi nilipanda. Kushuka nilishuka ubavu, kama kaa. Kiongozi wa kikundi akaniambia maumivu yale ni uvivu unatoka mwilini, nikamuamini, maana mimi nilikuwa mjinga na yeye alikuwa na filimbi. Mkandaji akasema ni baridi, kwa kuwa nilipojifungua nilitoka nje kabla ya arubaini. Mkwe wangu akasema ni raba za mtumba, nimevaa magonjwa ya watu. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na katika kila sababu mwenye kosa nilikuwa mimi.

Halafu Seif akafa barabarani, akitoka kazini. Mvua, lori, yakaisha. Sitaeleza zaidi, kwa sababu nimeshalazimishwa kueleza mara nyingi mno na watu waliokuja kula wali wa matanga. Nikawekwa ndani. Mjane akiwa kwenye eda kwetu anaitwa kizuka, na mimi nilikuwa kizuka kweli, kitu kinachokaa kwenye pembe ya chumba na watu wakipita wanashusha sauti. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa ghorofa jirani, kabati la nguo ambalo kioo chake mkwe alikigeuza, godoro chini, na kitanda chetu kimesimamishwa ubavu kama maiti ya pili. Dini imekataza kizuka kujipamba na kutoka bila dharura. Mkwe aliongeza zake. Kizuka hasimami dirishani. Kizuka hacheki. Kizuka anakaa, hatingishiki, na miguu anaikunja. Nikakaa, nikakunja. Asubuhi chai ya mchaichai na andazi, mchana wali na mchuzi wa papa, sahani inawekwa kizingitini na mlango unarudishwa. Mkwe anajua kupika, hilo siwezi kumnyima. Lakini mnofu nilikuwa nausikia ukienda kwingine. Namsikia Munir huko ukumbini akichambuliwa samaki na bibi yake, anacheka, na mimi nala kwa masikio. Baada ya wiki kadhaa za kukaa vile magoti yaliganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Nikitaka kwenda chooni naanza kwa kutambaa.

Siku moja Munir aliingia akanirukia mapajani. Nikamkumbatia, nikataka kusimama naye ili nimuoneshe paka aliyekuwa kwenye ukuta wa pili. Nilifika nusu. Goti la kulia likaachia, halikuuma hata kidogo, liliachia tu kama kitasa kibovu, na sote wawili tukaenda chini. Mimi niliangukia kiwiko. Yeye nyusi yake ilipiga kizingiti. Damu ya usoni ni nyingi hata kwa jeraha dogo, na Rukia, ambaye ni dada mkubwa wa Seif, alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu mlangoni. Alimnyakua mtoto asiniulize hata kama nimeumia. Alasiri hiyo nikawasikia jikoni, yeye na mama yake. Mkwe alikuwa anakuna nazi, na ile sauti ya mbuzi ilikuwa inakwenda chini ya maneno yao, kwaru, kwaru.

"Leo kamwangusha. Kesho atamuua," Rukia alisema.

"Magoti hana. Msichana mdogo, magoti ya kizee."

"Basi akitoka eda na aende kwao. Munir nitamchukua mimi. Mtoto wa Seif hawezi kulelewa na kiwete, mama, ngazi zenyewe ndiyo hizi."

Mbuzi ikasimama. Nikangoja mkwe aseme neno. Alikuwa ameniozesha mwanawe mwenyewe, amenikanda mwenyewe nilipozaa. Kisha mbuzi ikaendelea kukuna, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Najua, na wakati ule nilijua, kwamba sheria inampa mama mtoto mdogo. Lakini sheria haikai ghorofa ya tatu Kikwajuni. Kwetu sikuwa na wa kunisemea, na mwanamke asiyeweza kumshusha mwanawe ngazi hana haja ya kupokonywa kwa sheria. Anangojwa aanguke mara ya pili. Nililia siku mbili hivi. Siku ya tatu nilikuwa nimekasirika, na hasira ile, wallahi, haijatoka mpaka leo, imebadilisha chumba tu.

Aliyenisaidia alikuwa Saada, shoga yangu wa kwenye kikundi, mfupi, mdomo mchafu, anacheka msibani. Alipata kuteguka kifundo cha mguu akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo hospitali, akafundishwa mazoezi yasiyotaka chuma wala mashine, mwili wenyewe ndio mzigo. Alikuja kunipa pole na bakuli la muhogo wa nazi, akanikuta nimekunjika. Nikamwambia yote, mpaka ya jikoni. Hakunipa pole tena. Alinishika goti, akalibonyeza pembeni, akasema, "Goti halina kosa, shoga. Goti ni mtoto wa kati. Nyonga mvivu, kifundo kigumu, wakigombana hao anayepigwa ni yeye. We unampaka dawa aliyepigwa, wagomvi unawaacha." Nikamwambia mkwe amesema kizuka hatingishiki. Saada akaondoka bila kubisha, akaenda kumuuliza ukhti anayewasomesha wanawake chuoni. Alirudi anacheka: ukhti kasema kilichokatazwa ni wanja, manukato na kutembea, hajasoma popote kwamba imekatazwa kuchuchumaa.

Tulikosea mwanzo. Saada alinianzisha na yale ya kupiga hatua ndefu mbele na kushuka, na kuruka kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya kikundini ili tuonekane. Jirani wa chini akapanda kuuliza kama kizuka anatwanga. Mkwe akaja kufoka, Saada akasema tulikuwa tunaua mende. Tokea hapo ikabidi mazoezi yawe kimya, na kimya ndicho kilichoniponya. Ukitaka usisikike huwezi kujitupa. Lazima ushuke polepole, kila msuli ubebe sehemu yake. Nilianza na kiti: simama mbele yake, rudisha matako nyuma, shuka kama unaogopa kumwamsha mtu, gusa, panda. Visigino chini, magoti yaangalie vidole, yasiegemeane kama walevi. Nikilala chali nilikunja miguu nikainua nyonga, nikaishikilia juu, nikaishusha. Nilisimama kizingitini kwa vidole, nikapanda na kushuka kwa visigino mpaka mashavu ya miguu yanawaka. Baadaye kunyoosha: ukuta kwa mashavu ya miguu, kukunja mguu nyuma na kushika kifundo kwa paja la mbele, kukaa na mguu mmoja juu ya mwingine kwa nyonga. Saada alikuwa na amri moja tu, kwamba msuli ukiwaka niendelee na goti likichoma niache, nisijifanye shujaa, mashujaa wako makaburini. Niliusukuma ukuta ule kama nausukuma uso wa Rukia. Polepole lakini. Hasira nayo nilijifunza kuishusha kwa visigino.

Kiti kilipokuwa chepesi nikahamia kigoda. Na kulikuwa na zoezi moja la kuegemea ukuta, mgongo wote umegusa, mapaja yamelala sawa kama umekaa kitini, na kiti hakuna. Unakaa hewani mpaka miguu itetemeke. Asubuhi moja nilikuwa kwenye hilo, macho nimefumba, midomo inahesabu, kanga nyeupe mpaka utosini, mwili mzima unatetemeka, mkwe akasukuma mlango na trei ya chai. Hebu jiweke mahali pake. Alichokiona ni kizuka aliyekaa juu ya hewa. Trei ikaanguka. "Kapandisha! Mke wa Seif kapandisha!" Kabla sijajieleza chumba kilijaa wanawake, jirani wa chini akiwa wa kwanza, na Rukia aliyepigiwa simu akafika hata chai haijapigwa deki. Walinilaza, wakanifunika shuka, wakaleta chetezo. Mimi niliyekatazwa hata sabuni ya kunukia sasa nafukizwa ubani mpaka nakohoa. Nikisema niko mzima, wanasema ndivyo wanavyosema. Mkwe akaniinamia, akaongea na huyo shetani aliyemdhania, kwa adabu kabisa, kama mgeni wa heshima: yeye nani, katoka wapi, anataka apewe nini ili aondoke.

"Nataka magoti," nikasema.

Nilijibu mimi, kwa kinywa changu, kwa uchovu. Wakatazamana. Jirani akauliza magoti ya ng'ombe au ya mbuzi. Ningekuwa na moyo ningecheka, na Saada nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, lakini Rukia hakucheka. Alisimama akasema mtoto halali tena chumba kimoja na kitu kile, akaenda ukumbini akamfunga Munir nguo zake kwenye kanga. Nikainuka. Niliinuka vizuri, na hilo hakuna aliyeliona. Nikafika mpaka mlango wa ngazi, na pale nikasimama. Hatua moja mbele ningekuwa nimetoka ndani ya eda, mbele ya wanawake wote wale, na hilo ndilo walilokuwa wakilingoja ili waseme huyu si mke wala si mama. Munir alikuwa anatazama nyuma juu ya bega la shangazi yake. Hakulia mpaka walipofika ghorofa ya pili. Nilimsikia akishuka, sauti inazunguka na ngazi, kisha mlango wa chini, kisha gari. Mkwe alinishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mpaka utoke eda tu, mwanangu." Mkono wake ulikuwa unanuka ubani. Mpaka leo mtu akichoma ubani natoka nje.

Waliobaki mle ndani tulikuwa mimi na mkwe, mfiwa mwenzangu, na sikuzungumza naye isipokuwa salamu. Nilimwamkia, aliitikia. Nilifanya mazoezi asubuhi na alasiri, mlango wazi, aangalie akitaka. Hakuita watu tena. Kigoda nacho kikawa kirefu, nikamuomba ile mbuzi yake, maana kile kibao ni kifupi kuliko kigoda. Aliipangusa chicha kwa upindo wa kanga, akanipa, asiniulize cha nini. Kesho yake alikuna nazi mapema kuliko kawaida, akaileta mwenyewe na kuiweka karibu na ukuta. Sijui alikuwa ameelewa nini. Nilishuka juu ya kibao kile na kupanda, nikashuka na kupanda, huku simu ya Rukia haipokelewi, na nikipiga tena naambiwa mtoto amelala. Alikuwa analala sana mwanangu, mchana kutwa.

Siku niliyotoka eda wanawake walikuja asubuhi kuniogesha. Nikavishwa nguo za rangi, nikapakwa hina vidoleni, wakasoma dua, wakala vitumbua. Rukia alikuwa ameahidi kumleta Munir. Vitumbua vikaisha. Nikamuuliza mkwe yuko wapi mwanangu. Akakunja mkeka kwanza, kisha akasema Rukia ameona mtoto keshazoea kule, asihangaishwe, tukae kikao sote tuzungumze, labda baada ya mwezi mtukufu. Nikaingia chumbani nikavaa baibui na raba, zilezile za mtumba. Saada akanifuata mlangoni akitaka kuniitia boda ya Kiembe Samaki. Nauli nilikuwa nayo. Sikutaka kupelekwa na mtu. Kabla ya kushuka nilishika ukuta wa ngazi nikanyoosha mashavu ya miguu, mmoja halafu wa pili, kisha mapaja, kisha nyonga, na wanawake wote wananitazama. Mkwe akanong'ona niende polepole. Nikamjibu nnakwenda polepole tangu nilipokaa eda.

Ngazi nilizishuka uso mbele. Nikatembea mpaka barabara kubwa ili mwili upate moto, ndipo nikaanza kukimbia, hatua fupi, baibui nimelishika kwa mkono mmoja. Kilimani jua lilikuwa limeshapanda. Watu waligeuka, mwanamke na hina mbichi anakimbia peke yake kuelekea upande wa uwanja wa ndege. Kijana mmoja wa genge la matunda akaniuliza nimekosa ndege. Nilikuwa naisikiliza ile punje ya mchanga. Migombani niliisikiliza, mapaja yalikuwa yanawaka, kifua kinawaka, jasho limeingia machoni, na magoti yalikuwa yanakwenda tu, hayana habari. Sikufurahi. Nilijua ningeweza kulia pale barabarani kwa ajili ya Seif, ambaye sikuwa nimemlilia vya kutosha kwa kushughulika na nduguze, na nikajua nikisimama sitafika.

Rukia alikuwa barazani kwake anamnywesha Munir uji. Akaniona, akasimama, kijiko mkononi.

"Umekuja na nani?"

"Na miguu yangu."

Alitazama raba zangu, akatazama njia nyuma yangu kama kuna gari nimelificha. Munir alijificha kwenye kanga yake. Alikuwa amenenepa, kovu la nyusi limepona vizuri, kavalishwa shati nisilolijua. Nikamwita. Akazidi kujificha. Basi nikashuka. Nilichuchumaa pale uani, chini kabisa, visigino ardhini, mpaka uso wangu ukawa sawa na wake, nikangoja. Rukia alisema mengi juu ya kichwa changu. Alisema mtoto anakula, analala, hana tena ndoto mbaya. Alisema yeye hakujaaliwa mtoto, na Munir ndiye sura ya ndugu yake iliyobaki. "Unamtaka iwe nini, wifi? Umwangushe tena?" Miguu ilianza kutetemeka, nikaiacha itetemeke, nimeshawahi kuitwa shetani kwa hilo. Mtoto akachungulia. Akaja hatua moja, akarudi, akaja tena, akanigusa shavu kwa mkono wenye uji kama anayejaribu kitu kama kina moto. Nikamkumbatia. Nikainuka naye, mzito kuliko nilivyomkumbuka, bila kushika chini na bila kushika kitu.

Alianza kulia tulipofika getini. Nikashika njia ya mjini, naye juu ya bega langu, mikono kainyoosha nyuma, anamwita yule mwanamke mama, na mimi naongeza mwendo.